Aliyempikia Babu Pombe Alijifunza Wapi?

Wengi wenu mliniomba mwendelezo wa mada ya dawa ya salfa, na nitairudia. Leo naomba mnivumilie, tuzungumze jambo la historia, kwa sababu limenikaa kichwani tangu siku niliyokuwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika kijiji kimoja hapa Tunduru.

Tulikuta akina mama wanaokota korosho. Kama kawaida yetu, korosho inanyofolewa na kuingia kwenye ndoo, bibo linatupwa. Chini ya mikorosho kulikuwa na mabibo yanayonuka, nzi wamejaa. Bibi mmoja alikuwa ametenga ndoo zake mbili za mabibo mazima. Nilimsalimia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mwanangu, na huyu kijana ni nani?" Nikamwambia ni mwanafunzi wa chuo cha kilimo, anasomea usindikaji wa mazao. Bibi akamtazama, akauliza, "Huko chuoni mmeshafundishwa kujua uraka umeiva kwa kusikiliza?" Kijana akacheka. Bibi hakucheka. Aliinama, akaweka sikio kwenye ukingo wa ndoo iliyokuwa imefunikwa kivulini, akasema bado, kesho.

Kijana aliandika kwenye daftari lake neno moja: "mapovu". Alikuwa sahihi, maana bibi alikuwa anasikiliza hewa ya ukaa ikitoka wakati chachu inakula sukari. Ila bibi alikuwa sahihi kabla yake, na hakuhitaji daftari.

Naandika nikijua wengi wenu hapa Tunduru hamnywi wala hamuuzi pombe kwa sababu ya dini, na sikusudii kumshawishi mtu anywe. Lakini ufundi wa kuchachusha ndio ufundi huohuo wa togwa, wa siki, na wa kufanya uji wa mtoto uwe mwepesi. Ukiutupa wote kwa sababu ya pombe, umetupa na hayo mengine.

Zamani ufundi huu ulikuwa wa wanawake, na darasa lilikuwa jikoni. Msichana alianza na kazi ndogo, kama kuteka maji, kuchambua ulezi na kulowesha nafaka. Baadaye alikabidhiwa kimea. Mnajua kimea kinavyotengenezwa: nafaka inaloweshwa, inamwagwa maji, inafunikwa majani au gunia ichipue, kisha inaanikwa na kusagwa. Ikichipua kidogo mno, haina nguvu. Ikizidi, utamu unaliwa na mche wenyewe. Ikipata ukungu, imeharibika. Hakuna saa ya ukutani iliyomwonyesha siku ya kuacha. Alioneshwa kwa urefu wa kichipukizi, akakosea, akagombezwa, akarudia. Mwalimu na mfanyakazi alikuwa mtu mmoja, na mtihani ulikuwa siku watu wanakuja kulima kwa kualikwa. Pombe ikiwa mbaya, mwaka unaofuata hawaji. Kwa mkulima asiye na fedha taslimu, jungu hilo ndilo lililokuwa mshahara wa vibarua.

Nitaongeza jambo moja la usalama hapa hapa nisije nikalisahau. Kimea cha mtama kina vichipukizi vyenye sumu ya sianidi. Baada ya kukausha, fikicha na upepete vichipukizi na vimizizi vyote vitoke kabla ya kusaga. Bibi zetu wengi walifanya hivyo wakisema ni kuondoa uchungu.

Sasa tuje kwenye viwanda. Wajerumani walipotawala, Dar es Salaam ilikuwa na kiwanda cha bia cha Mjerumani aitwaye Schultz. Kenya, mwaka 1922, ndugu wawili wa ukoo wa Hurst walianzisha kiwanda Nairobi. Mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo maana bia yao ikaitwa Tusker. Dar es Salaam ilipata Tanganyika Breweries mwaka 1933, na muda mfupi baadaye viwanda vya Kenya na Tanganyika vikaungana kuwa East African Breweries. Mafundi wakuu walikuwa Wazungu waliojifunza kwao. Mwafrika aliajiriwa kubeba magunia, kuosha chupa na kuwasha moto.

Hapa ndipo ufundi ulipogawanyika mara mbili. Bia ya chupa ikawa na mtaalamu mwenye cheti, maabara na wakili. Pombe ya kienyeji ikawa na leseni, kilabu cha kupangiwa saa, na polisi. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuwa hata na uhuru wa kununua bia ya chupa au pombe kali kama Mzungu. Tangu Mkataba wa Brussels wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubaliana kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Mama anayepika pombe kijijini hakuonekana tena kama fundi. Alionekana kama tatizo la kudhibitiwa, na kodi ya leseni yake ilikuwa mapato mazuri ya halmashauri za wakati ule. Nadhani baadhi yetu maofisa bado tunamtazama kwa jicho hilohilo, na mimi nimo.

Huko Ulaya mambo yalikwenda tofauti, na kuna hadithi mbili ambazo kila mkulima anayewahi kuniona na kile kikasha cha kupimia udongo anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni ya Copenhagen, Denmark. Kiwanda cha bia cha Carlsberg kilifungua maabara yake mwaka 1875. Bia yao ilikuwa ikiharibika mara kwa mara bila wao kujua sababu. Mtafiti wao, Emil Christian Hansen, akagundua kwamba ndani ya chachu yao kulikuwa na chachu nyingine za porini zilizoingia zenyewe. Mwaka 1883 alifaulu kutenga chembe moja ya chachu nzuri na kuizalisha ikiwa safi. Mwenye kiwanda, Jacobsen, hakuificha siri hiyo. Chachu iligawiwa kwa viwanda vingine. Kisha mwaka 1909, katika maabara hiyohiyo, mkemia Sørensen akatunga kipimo cha uchachu kiitwacho pH. Ndicho hicho ninachokitaja ninaposema shamba lako lina uchachu mwingi na linahitaji chokaa. Mimi nilikisoma chuoni miaka kadhaa bila mtu kuniambia kwamba kilitungwa na watu waliokuwa wakihangaika na bia.

Ya pili ni ya Dublin, Ireland, na inahusu mwanafunzi. Kiwanda cha Guinness kiliajiri vijana waliotoka vyuo vikuu, kikawaweka kufanya kazi pamoja na mafundi wa kiwanda na wakulima wa shayiri. Mmoja wao, William Gosset, aliajiriwa 1899. Kazi yake ilikuwa kujibu swali ambalo ninyi mnaniuliza kila msimu: kati ya mbegu hii na ile, ipi bora? Shida ilikuwa kwamba alikuwa na mashamba machache ya majaribio. Ukiwa na vipande vinne tu, mbegu mbaya inaweza kushinda kwa bahati, kwa sababu imeangukia penye mboji. Gosset akaomba ruhusa, akaenda London kusoma kwa Profesa Karl Pearson mwaka 1906, akarudi na hesabu ya kupima ni kiasi gani cha tofauti kinaweza kuwa bahati tu. Kiwanda kilikuwa hakiruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, hivyo mwaka 1908 alichapisha kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi. Mpaka leo majaribio ya mbegu yanayofanywa kwenye vituo vyetu vya utafiti hupimwa kwa hesabu ya huyo Mwanafunzi.

Kwa hiyo ukiniona nakukatalia kusema mbegu fulani ni bora kwa sababu jirani yako alivuna sana mara moja, usinione mbishi. Gawa shamba lako vipande, panda kila mbegu mara tatu au nne sehemu tofauti, tulinganishe. Si kazi kubwa, ni kamba na vijiti tu.

Tofauti ya Dublin na kwetu, kwa maoni yangu, haikuwa akili. Kwao mwenye chuo, mwenye kiwanda na mwenye shamba waliwekwa meza moja. Kwetu bibi alibaki na sikio lake, mwanafunzi na daftari lake, na kiwanda kikaagiza kimea kutoka nje.

Baada ya Uhuru serikali ilijaribu kuunganisha. Mwaka 1966 ilitungwa Sheria ya Moshi. Hapa moshi si mji wa Kilimanjaro, ni gongo. Kupika, kuuza hata kuwa nayo bila leseni ni kosa tangu wakati huo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua hisa katika kiwanda cha bia, na baadaye kikawa chote cha umma. Watanzania wakaingia kwenye nafasi za ufundi, Safari ikaanza kutengenezwa mwaka 1977. Wazee mnakumbuka miaka ya themanini, bia ikipatikana kwa kreti chache na kwa kujuana. Mwaka 1993 kiwanda kikauzwa sehemu kwa kampuni ya Afrika Kusini. Mwaka huohuo huko Arusha ilianzishwa kampuni ya Banana Investments, iliyochukua pombe ya ndizi, kitu cha jikoni kabisa, ikaitia kwenye chupa yenye nembo. Hapo ndipo napenda kusimama, kwa sababu ni ushahidi kwamba njia kutoka jungu hadi duka la mjini ipo, na mkulima wa ndizi aliuza zaidi.

Kuna chuo kikuu kilichofanya jambo la heshima pia. Watafiti wa Sokoine, Morogoro, waliichukua togwa yetu, ileile ya mahindi na kimea inayonywewa Songea na Iringa, wakaipima maabara. Wakaona inachachushwa na bakteria wa asidi ya laktiki pamoja na chachu. Uchachu huo huzuia vijidudu vingi vya kuharisha. Taasisi ya Chakula na Lishe nayo ilihimiza kimea kwenye uji wa watoto: uji mzito uliopikwa na kupozwa hadi uvuguvugu, ukitiwa unga wa kimea kidogo unalainika, mtoto anakula unga mwingi kwa kikombe kilekile. Baada ya kulainika, uchemshe tena kabla ya kumpa mtoto. Akina mama waliowafundisha wasichana wao kimea walikuwa na elimu hiyo karne nyingi, ila hakuna aliyewauliza.

Lakini nisiwadanganye kwamba sikio la bibi linatosha. Jirani zetu wa Msumbiji walijifunza kwa gharama kubwa. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, watu walihudhuria msiba, wakanywa pombe ya kienyeji ya mahindi. Watu 75 walikufa na wengine zaidi ya 100 waliugua. Mama aliyeipika alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mara moja uvumi ukaenea kwamba kuna mtu ametia nyongo ya mamba. Najua wengi hapa mnaiamini habari ya nyongo ya mamba, na tunaishi karibu na Mto Ruvuma, mamba tunao. Sampuli zikapelekwa Marekani. Haikuwa nyongo. Ilikuwa sumu iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika baada ya kulowa, unga ambao badala ya kutupwa ulitengenezewa pombe. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, haina harufu wala ladha. Sikio, pua na ulimi wa mpishi bora kuliko wote visingeiona.

Fikirini hilo vizuri. Mtu alihukumiwa moyoni kwamba ni mchawi, kumbe kosa lilikuwa gunia lililolowa. Na hapa kwetu nasikia kila mwaka: "Haya yameoza, tutapikia pombe." Hapana. Mahindi yaliyooza, yenye ukungu au yaliyolowa hayafai kwa pombe, hayafai kwa togwa, wala kwa kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi yenye ukungu, na sumukuvu nayo haifi kwa kuchemshwa. Fukia au choma.

Jambo la pili la hatari ni spiriti ya viwandani. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mfanyabiashara anayekuuzia "kemikali ya kuongeza ukali" anakuuzia kesi ya mauaji. Na wale wa viroba mnakumbuka vilipigwa marufuku Machi 2017; asiwadanganye mtu kwamba bado kuna mzigo halali.

Nirudi kwa kijana wangu wa daftari. Siku hizi kuna dalili kwamba meza ile ya Dublin inaanza kutandikwa hapa. Serengeti Breweries ilianzisha mwaka 2020 mpango wa Kilimo Viwanda, unaolipia masomo vijana wa vyuo vya kilimo, kwa sababu kiwanda kinahitaji mtama, mahindi na shayiri ya wakulima wa ndani. Naliendele, Mtwara, kituo cha utafiti wa korosho, kimekuwa kikifundisha kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo. SIDO wana ofisi Songea. Waombeni. Barua ya kikundi inatosha kuanzia, na afisa ugani wako ataisaini.

Mimi naona Tunduru tuanze na mabibo, kwa sababu tunayatupa. Kwa kila kilo moja ya korosho ghafi unayopeleka ghala la chama cha msingi, umeacha shambani mabibo kati ya kilo 5 na 10. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Adui zake ni wawili: muda na ukakasi. Muda, maana likidondoka leo, kesho limeshaanza kuchacha lenyewe. Okota asubuhi yaliyodondoka usiku, yasiyopasuka, osha kwa maji safi, kamua siku hiyohiyo. Ukakasi unapunguzwa kwa wanga wa muhogo: pika uji mwepesi sana, kama kijiko cha chai cha wanga kwa lita ya juisi, upoze, changanya, funika, acha usiku kucha mahali pa ubaridi. Ukakasi unashuka chini na mashapo, wewe unamimina ya juu kwa kitambaa safi. Kwa juisi, ichemshe ipate joto kali bila kutokota, jaza kwenye chupa zilizochemshwa zikiwa bado za moto, funga. Kwa siki, iache ichachuke hadi mapovu yaishe, kisha funika kwa kitambaa tu ili hewa ipite, uiache wiki kadhaa hadi iwe kali. Siki haimkwazi mwenye dini na sokoni ipo ya kuletwa kutoka mbali.

Msiende sokoni na chupa zisizo na nembo halafu mkalalamika. Usajili wa chakula tangu 2019 uko TBS, na mjasiriamali mdogo anapitia barua ya utambulisho ya SIDO. Usafi wa chumba ndicho kitu cha kwanza watakachoangalia, kabla ya ladha.

Yule bibi tulimrudia kesho yake kama alivyosema. Kijana alikuwa amebeba karatasi za kupimia pH kutoka kwenye kikasha changu. Alichovya moja kwenye ndoo, ikabadilika rangi, akasoma namba, akamwonyesha. Bibi akauliza hiyo namba ina maana gani. Akamweleza. Bibi akachukua karatasi nyingine, akachovya kwenye ndoo ya pili, ile ambayo alisema haikuiva vizuri kwa sababu aliosha mabibo kwa maji ya kisima kile cha chini. Rangi ilitofautiana. Walikaa pale karibu saa nzima, mimi nikiwa nasubiri na pikipiki, kila mmoja akimwuliza mwenzake. Tulipoondoka bibi alibaki na karatasi tano.

Wanakikundi wa mabibo, tunakutana ofisi ya kijiji Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Njooni na ndoo zenye mifuniko.